Uzi: Tenga taka mbichi na taka kavu kwanza, ndipo urejelezaji uwezekane

Mleta mada

Wanajukwaa, mazungumzo mengi kuhusu utunzaji wa mazingira nyumbani huanza na swali la kitu gani kitupwe kwenye pipa lipi, ilhali mtu anapofika kwenye pipa mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa. Hoja yangu katika uzi huu ni moja: kinachoziharibu taka za nyumbani kuliko kitu kingine chochote ni kuchanganywa, na hasa kuchanganywa kwa kilicho kibichi na kilicho kikavu. Gazeti lililolala usiku kucha chini ya mabaki ya chakula halifai tena kupelekwa kwenye kiwanda cha karatasi, na mabaki yale yale ya chakula, yakishaingiwa na vipande vya plastiki na vya glasi, hayafai tena kuwa mboji. Kila kimoja kilikuwa na thamani kilipokuwa peke yake, na vyote viwili vimeipoteza ndani ya ndoo moja. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kufanya jambo moja tu nyumbani kwake aweke vyombo viwili jikoni, kimoja cha vinavyooza na kingine cha vikavu, kabla hajafikiria lolote lingine.

Kabla sijaendelea, nieleze mahali pa urejelezaji katika mpangilio mzima, maana wengi tunaupa cheo kikubwa kuliko unachostahili. Mwaka 1979 mbunge wa Uholanzi, Ad Lansink, alipeleka bungeni hoja iliyozipanga njia za kushughulikia taka kwa ubora wake, na mpangilio huo ukaja kuitwa ngazi ya Lansink. Juu kabisa ni kuzuia taka isitokee. Inafuata kukitumia kitu tena kama kilivyo. Kisha kukirejeleza, yaani kukivunjavunja na kukitengeneza upya. Kisha kukichoma ili kupata nishati. Na chini kabisa ni kukifukia. Umoja wa Ulaya nao uliweka mpangilio unaofanana na huo katika sheria yake ya taka ya mwaka 2008. Urejelezaji, kama mnavyoona, uko katikati. Chupa inayooshwa na kujazwa tena haihitaji tanuru. Chupa inayorejelezwa inahitaji lori la kuibeba, maji ya kuiosha, mashine ya kuisaga na moto wa kuiyeyusha, na katika kila hatua kuna kiasi kinachopotea.

Kwa plastiki upotevu huo ni mkubwa mno. Mwaka 2017 watafiti Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walichapisha hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani tangu 1950 hadi 2015, wakapata tani bilioni 8.3. Katika plastiki iliyokwisha kuwa taka, asilimia 9 tu ilikuwa imerejelezwa, asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 ilikuwa imelundikana kwenye madampo au imesambaa ardhini na majini. Ninazitaja takwimu hizi ili tusijidanganye kwamba kununua plastiki nyingi ni sawa mradi tunaitupa kwenye pipa lenye alama ya mishale. Plastiki isiyoingia nyumbani haihitaji kutafutiwa pa kwenda.

Kuhusu alama hiyo ya mishale, hapa ndipo watu wengi wanapopotoshwa, na si kwa kosa lao. Mishale mitatu inayofuatana ilichorwa mwaka 1970 na Gary Anderson, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko California, kwa ajili ya shindano la kampuni ya maboksi, na ilikusudiwa kuonyesha karatasi iliyorejelezwa. Mwaka 1988 chama cha watengenezaji wa plastiki nchini Marekani kilianza kuweka namba kuanzia 1 hadi 7 ndani ya pembetatu ya mishale inayofanana na ile, lakini namba hizo hazisemi kwamba chombo kitarejelezwa. Zinataja aina ya plastiki tu. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji na vinywaji. Namba 2 ni HDPE, ya madumu na chupa za sabuni. Namba 3 ni PVC, ile ya mabomba. Namba 4 ni LDPE, ya mifuko laini. Namba 5 ni PP, ya vifuniko na makopo mengi ya vyakula. Namba 6 ni PS, pamoja na ile nyeupe nyepesi inayokingia vifaa vya umeme ndani ya maboksi. Na namba 7 ni zote zilizosalia. Mkanganyiko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2013 waliosimamia kanuni hiyo waliiondoa mishale wakaacha pembetatu tupu, ingawa vyombo vyenye alama ya zamani bado vimejaa kila mahali. Kwa kawaida zenye soko la uhakika ni namba 1 na 2, na mahali pengine namba 5. Zilizobaki hutegemea kabisa ni nani anayekusanya na anauza wapi, kwa hiyo swali la kumuuliza mkusanyaji wako ni namba zipi anazichukua na anazitaka katika hali gani.

Usafi una maana kubwa kuliko wingi. Mtu anayetupa kila kitu kwenye pipa la urejelezaji kwa matumaini kwamba mtu mwingine atajua la kufanya anaweza kuharibu mzigo wa mtaa mzima. Chupa ya PVC iliyojificha kati ya chupa za PET ni mfano mzuri: katika joto la kuyeyushia PET, ile PVC huungua na kutoa tindikali inayoharibu plastiki yote iliyo karibu. China, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karatasi na plastiki zilizotumika kutoka nchi nyingine, mwaka 2018 ilipiga marufuku aina nyingi za mizigo hiyo, na kwa baadhi ya zilizobaki ikaweka kikomo cha uchafu cha asilimia 0.5. Miji mingi iliyokuwa ikisafirisha taka zake kwa meli ilijikuta na marobota yasiyo na mnunuzi. Uchafu ule ulitoka katika majiko ya watu wa kawaida.

Sasa niyapitie yaliyomo kwenye chombo cha vikavu.

Metali ndizo zenye faida kubwa zaidi. Kutengeneza alumini kutokana na alumini iliyotumika kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitoa katika madini yake, na inaweza kuyeyushwa tena na tena bila kupoteza ubora. Kutofautisha kopo la alumini na la chuma ni rahisi: sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa, hunasa chuma na kuiacha alumini. Vifuniko vidogo vya chuma hupotea njiani vikiwa vimelegea, hivyo vitumbukizwe ndani ya kopo la chuma lililo tupu, kisha mdomo wake ubanwe. Kwa karatasi zinazong'aa kuna jaribio la mkono: ifinyange ndani ya kiganja, kisha uiachie. Ikibaki imefinyangwa ni alumini. Ikijifungua yenyewe ni plastiki iliyopakwa utando wa metali, na haifai kuwekwa na alumini.

Glasi nayo huyeyushwa bila kikomo, lakini si kila kinachoonekana kama glasi ni cha kundi moja. Chupa na mitungi ya vyakula huyeyuka katika joto moja. Bakuli za glasi zinazostahimili joto la oveni, vioo vya dirisha, vioo vya kujitazamia na vyombo vya udongo vina mchanganyiko tofauti au huyeyuka kwa joto la juu zaidi. Vipande vyake vikiingia tanuruni hubaki kama vijiwe ndani ya chupa mpya, na chupa hiyo hupasuka.

Karatasi ina uhai wa kuhesabika. Nyuzi zake hufupika kila zinapovurugwa majini, na kwa kawaida huweza kupita kiwandani mara 5 hadi 7 tu kabla ya kuwa fupi mno. Ndiyo sababu karatasi za chooni na za kufutia mikono hazirejelezwi: nyuzi zake zimekwisha kuwa fupi, na zimechafuka. Mafuta ni adui mwingine, kwa kuwa karatasi huvurugwa katika maji na mafuta hayachangamani nayo, hivyo huacha madoa na matundu. Boksi lenye mafuta upande mmoja likatwe, sehemu safi iende kwenye karatasi na ile yenye mafuta iende kwenye mboji. Risiti za mashine zinazochapa kwa joto zina kemikali juu yake, na hazifai kwenye karatasi wala kwenye mboji. Kwa bilauri za karatasi na pakiti za maziwa, chana ukingo uone: kama kuna utando mwembamba wa plastiki unaovutika, hiyo si karatasi tupu na inahitaji kiwanda maalumu.

Nimeirefusha sehemu ya vikavu, lakini chombo cha vibichi ndicho chenye uzito mkubwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Chakula kikifukiwa dampo chini ya lundo lisilopitisha hewa, huozeshwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni, navyo hutoa gesi ya methani, ambayo katika kipindi cha miaka 20 hulipasha joto anga zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Kwa hiyo hatua ya kwanza hapa pia ni kuzuia: kupika kinacholika, kuweka mbele ya kabati kile kitakachoharibika mapema, na kujua tofauti kati ya tarehe ya usalama na tarehe ya ubora tu, maana chakula kingi hutupwa kwa kusoma ya pili kana kwamba ni ya kwanza. Maganda na mabaki yasiyoepukika yawe mboji.

Karibuni kwa maswali na kwa kunisahihisha.

Mtunza Bustani

Ndugu mleta mada, ahsante kwa kuanza na kibichi na kikavu, maana hata sisi wa mboji tunateseka na taka zilizochanganywa. Naomba niongeze upande wangu, kwa sababu watu wengi huanza mboji, ikanuka, wakaacha, wakaamini kwamba jambo hili linahitaji shamba.

Mboji inayonuka ina mojawapo ya makosa mawili: haina hewa au ina vibichi vingi mno. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji kaboni na naitrojeni kwa uwiano wa takriban 25 hadi 30 kwa 1. Maganda ya matunda, majani mabichi na mabaki ya mboga yana naitrojeni nyingi. Majani makavu, vumbi la mbao na maboksi yaliyochanwa yana kaboni nyingi. Mtu wa nyumbani hahitaji mizani. Kwa kila chombo kimoja cha vibichi anachomwaga, afunike kwa vyombo viwili au vitatu vya vikavu hivyo, na asiache ganda lolote likionekana juu. Unyevu uwe wa kitambaa kilichokamuliwa: ukiminya konzi ya mboji, itoke tone moja au mawili, isitiririke. Ageuze lundo kila baada ya siku chache ili hewa ipenye. Likipata ukubwa wa kutosha, yapata mita moja kila upande, joto la ndani hupanda kupita nyuzi 55 za selsiasi, na joto hilo likidumu huua mbegu nyingi za magugu pamoja na vimelea vingi vya magonjwa. Lundo dogo halipati joto hilo lakini huoza vilevile, polepole zaidi.

Nyama, samaki, mifupa na mafuta visiwekwe kwenye lundo la wazi, kwa kuwa huvuta panya na nzi, na kinyesi cha mbwa au paka kisiingie kabisa kwenye mboji ya mboga. Asiye na ua anaweza kufuga minyoo wekundu kwenye sanduku lenye matundu chini ya sinki, au kutumia njia ya Kijapani ya bokashi, ambapo mabaki hushindiliwa kwenye ndoo inayofungwa barabara na kunyunyiziwa pumba zenye vijidudu vya kuchachusha. Bokashi hupokea hata nyama kidogo, ila kinachotoka ndani yake bado si mboji. Lazima kizikwe kwenye udongo kimalizike kuoza.

Mama wa Watatu

Nina swali ambalo limekuwa likinisumbua. Tunaambiwa tusuuze makopo na chupa kabla ya kuzirejeleza, lakini maji nayo ni mali, na pengine maji ya moto yametumia umeme au gesi. Je, kuosha takataka si kuharibu upande mmoja ili kutengeneza mwingine?

Mleta mada

Swali lako, dada, ni la haki. Chombo kinachokwenda kurejelezwa hakihitaji kuwa safi kiasi cha kulia chakula, kwa sababu kiwandani kitaoshwa tena. Kinachotakiwa ni kisiwe na chakula kinachoweza kumwagikia karatasi, kuvuta wadudu au kuozea ndani ya gunia. Kwanza kwangua kwa kijiko au mwiko, kisha kisuuze kwa maji ambayo tayari yameoshea vyombo, mwishoni kabla ya kuyamwaga, wala usipashe maji moto kwa kazi hiyo. Kisha kiache kikauke, kwa sababu unyevu wenyewe unatosha kuiharibu karatasi iliyo karibu. Chupa ya mafuta ya kupikia iinamishwe juu ya chombo hadi imalize kudondosha, na mafuta yaliyokwisha kutumika yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa yakipoa huganda ndani ya mabomba; yahifadhiwe kwenye chupa iliyofungwa.

Kama wasiwasi wako ni maji, na ni wasiwasi mzuri, tazama bomba linalovuja. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza maelfu ya lita kwa mwaka, nalo mara nyingi huhitaji mpira mdogo tu wa ndani.

Mkaazi wa Ghorofani

Mimi ninapinga kidogo. Ninapoishi hakuna mapipa tofauti, na lori linalokuja hubeba kila kitu kwa pamoja. Nimeona kwa macho yangu mifuko iliyotengwa vizuri na jirani yangu ikirushwa juu ya lundo moja na ya wengine. Mtu wa namna yangu anafaidika nini kwa kuweka ndoo mbili, kama mwisho wake ni shimo lile lile? Wengine mtaani wameamua kuchoma tu, na angalau taka hazionekani.

Mleta mada

Nashukuru kwa kulisema wazi, kwa sababu hali yako ndiyo ya watu wengi sana duniani, na ushauri unaodhani kila mtu ana mapipa manne mlangoni hauwasaidii.

Nianze na kuchoma, kwa kuwa hapo kuna madhara ya haraka. Moto wa taka uani huwaka kwa joto dogo na kwa hewa isiyotosha, na katika hali hiyo plastiki yenye klorini, hasa PVC, hutoa dioksini, sumu inayodumu miaka mingi katika udongo na kujilimbikiza kwenye mafuta ya wanyama na ya binadamu. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa kuhusu sumu zinazodumu katika mazingira, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004, unautaja uchomaji wa taka mahali pa wazi miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. Taka inayoonekana inaudhi, lakini moshi unavutwa na mtoto aliyelala chumba cha pili, na majivu huishia bustanini.

Kuhusu lori moja linalobeba yote, bado kutenga kuna faida tatu ninazoziona. Kwanza, kibichi ukikishughulikia mwenyewe kwa sanduku la minyoo au kwa kumpa mwenye bustani, hakifiki kwenye lori kabisa, na kile kinachobaki hakinuki, kwa hiyo unaweza kukiweka kwa muda mrefu bila kukitoa kila siku. Pili, vikavu safi vina wanunuzi hata mahali pasipo na huduma rasmi. Karibu kila mji una watu wanaoishi kwa kukusanya chuma chakavu, makopo, maboksi na chupa, na mara nyingi hao ndio wanaorejeleza kiasi kikubwa zaidi cha taka za mji bila kutambuliwa. Ukiwakabidhi mkononi mzigo mkavu uliotengwa, umewaondolea kazi ya kufukua dampo kwa mikono, na umehakikisha kwamba mzigo huo haurushwi juu ya lori. Tatu, majirani kumi wanaojaza gunia moja la alumini wana nguvu ya kumwita mnunuzi aje, jambo ambalo nyumba moja haiwezi. Jirani yako hakukosea kutenga; aliyekosa ni mwenye lori. Zungumza naye mkusanye pamoja.

Fundi Vyombo

Naona hapajatajwa vifaa vya umeme, nami ndiyo kazi yangu. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 zilizalishwa tani milioni 62, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sehemu kubwa ya vifaa ninavyoletewa kama vimekufa vina hitilafu ndogo: waya uliokatika karibu na plagi, fyuzi, swichi, betri iliyochoka, au vumbi lililoziba njia ya hewa. Kabla ya kununua kipya, mpe fundi nafasi ya kukifungua, na unaponunua chagua kile ambacho kimefungwa kwa skrubu kuliko kilichounganishwa kwa gundi, kwa kuwa cha gundi hakifunguki bila kuvunjika.

Ninasihi sana kuhusu betri za lithiamu, zile za simu, kompyuta, tochi za kuchaji na vifaa vya kuchezea. Zisiingie kwenye chombo chochote cha taka, kibichi wala kikavu. Zikibanwa ndani ya lori la kushindilia, ukuta mwembamba unaotenga pande zake mbili hutoboka na moto huwaka wenyewe, na huzimika kwa shida. Funika ncha zake kwa utepe wa plastiki wenye gundi, zihifadhi mahali pakavu mbali na vinavyowaka, na uzipeleke mahali panapopokea taka za kielektroniki. Maduka na mafundi wengi wa simu huzipokea. Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe, wala isikandamizwe irudi mahali pake. Taa za mirija na zile fupi zilizosokotwa nazo zina zebaki, hivyo zisivunjwe makusudi ili zienee ndani ya mfuko. Ikivunjika moja kwa bahati mbaya, fungua madirisha, toka chumbani kwa muda, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa chenye unyevu, usitumie mashine ya kufyonza vumbi.

Mwanafunzi wa Kemia

Ningependa kuuliza kuhusu vitu vinavyouzwa kama rafiki wa mazingira, yaani mifuko ya pamba na plastiki zinazosemekana kuwa zinaoza. Je, kuvinunua ni hatua ya mbele kweli?

Mleta mada

Kwa mfuko wa pamba, jibu liko katika mara utakazoutumia. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 uchunguzi ulioonyesha kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ili athari yake kwa tabianchi iwe chini ya ile ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu, kwa sababu kulima pamba na kuifuma kunahitaji nishati na maji mengi. Mfuko mmoja uliodumu miaka mingi ni ushindi. Mifuko ishirini ya pamba iliyojaa kabatini, mingi ikiwa ya zawadi, ni hasara. Mfuko bora ni ule ulio nao tayari, hata kama ni wa plastiki, ukiutumia hadi uchanike. Kanuni hiyo hiyo inahusu chupa za chuma na vyombo vya glasi: usitupe vya plastiki vilivyo vizima ili ununue vipya vinavyopendeza.

Plastiki inayoitwa ya kuoza inahitaji uangalifu zaidi. Nyingi zimethibitishwa kuoza katika mitambo ya mboji ya viwandani, yenye joto la karibu nyuzi 58 linalodumu kwa majuma mengi. Katika lundo dogo la nyumbani zitakaa muda mrefu zikiwa nzima, baharini hali kadhalika, na zikiingia kwenye chombo cha PET zinachafua mzigo, kwa kuwa zinafanana nayo machoni lakini huyeyuka kwa joto tofauti. Kama mahali ulipo hakuna mtambo huo, chombo cha aina hiyo ni taka ya kawaida yenye bei kubwa. Na neno la jumla lisemalo tu kwamba kitu ni cha asili, bila kueleza kimetengenezwa na nini na kinaozea wapi, lisikushawishi.

Niongeze plastiki nyeusi, kwa kuwa uko kwenye kemia. Mashine nyingi za kuchambua hutambua aina ya plastiki kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaorudi kutoka kwenye chombo, na rangi nyeusi ya masizi hufyonza mwanga huo, hivyo mashine haioni kitu na chombo huishia dampo hata kama ni cha namba 5 safi. Ukiwa na uchaguzi dukani, chukua cha rangi ya wazi.

Mkaazi wa Ghorofani

Nimeridhika na jibu la awali. La mwisho kwangu: dawa zilizopita muda, sindano na nyembe huwekwa chombo kipi kati ya viwili?

Mleta mada

Havimo katika kimojawapo, ndugu yangu, na nashukuru umeuliza. Dawa zisimwagwe chooni wala kwenye sinki, kwa kuwa mitambo ya majitaka haikuundwa kuziondoa zote na hufika mitoni. Uliza duka la dawa au hospitali kama wanazipokea. Pasipopokelewa, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na udongo au masalia ya kahawa ili mtoto au mnyama asizitamani, zifunge ndani ya mfuko, kisha zitupe na taka za kawaida; pakiti ya karatasi iende kwenye vikavu baada ya kufuta jina la mgonjwa. Sindano, nyembe na vipande vya glasi viwekwe ndani ya chombo kigumu kisichotobolewa, kwa mfano dumu la sabuni lenye kifuniko cha kusokota, kikiwa kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna vyenye ncha kali. Kikijaa robo tatu kifungwe na kuzungushiwa utepe wenye gundi, na kipelekwe kituo cha afya kama kinapokea. Kisiwekwe kamwe kwenye gunia la kurejeleza, kwa sababu gunia hilo litafunguliwa na mtu anayechambua kwa mikono, mara nyingi bila glavu.